Kujiunga na Chuo cha Jamii Marekani: Masharti ya Kuingia na ya Kuhudhuria Masomo

Vyuo vya jamii vya Marekani, vinavyotoa vyeti vya stadi na shahada ya miaka miwili, kwa kawaida haviwachuji wanafunzi kwa alama. Mwenye cheti cha sekondari, au cheti cha GED kinachokubaliwa badala yake, hupokelewa. Aliyezoea kusubiri matokeo ya mtihani wa taifa ndipo ajue kama ana nafasi, huuona utaratibu huu mwepesi mno na kujisahau, kumbe masharti yanayowaponza wengi huja baada ya kuandikishwa. Uuguzi na baadhi ya kozi za afya ni jambo jingine: huwa na maombi yake ya pekee, yenye ushindani, baada ya mwanafunzi kumaliza masomo ya msingi kama anatomia.

Kabla ya kujaza fomu, jua hadhi yako ya ukaazi, kwa sababu ndiyo inayoamua ada. California, kwa mfano, humtaka mtu awe ameishi humo kwa nia ya kubaki kwa mwaka mmoja na siku moja kabla ya muhula kuanza. Akitimiza hilo hulipa dola 46 kwa kila krediti, yaani kipimo cha uzito wa somo, na asipotimiza hudaiwa ada iliyo juu mara kadhaa. Mwenye kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu), mkimbizi, na aliyekwisha kupewa hifadhi wanaweza kuomba msaada wa serikali kuu kwa kujaza fomu ya FAFSA, ambayo haitozwi chochote. Akitokea mtu akadai malipo ya kukujazia, mwache.

Anayekuja kwa viza ya F-1, ya mwanafunzi wa kigeni, hana haki ya msaada huo. Hutakiwa kuthibitisha kwamba ana fedha za kutosha ndipo chuo kimpe fomu ya I-20 ya kuombea viza hiyo, kisha hulipa ada ya dola 350 ya SEVIS, mfumo wa serikali unaofuatilia wanafunzi wa kigeni. Akishaanza, lazima asome angalau krediti 12 kila muhula wa kawaida, na katika hizo ni somo moja tu la mtandaoni, lisilozidi krediti 3, linalohesabiwa. Akizidiwa au akiugua, asiache somo lolote kabla ya kupata kibali cha mshauri wa wanafunzi wa kigeni, kwa kuwa kushuka chini ya 12 bila kibali humpotezea hadhi yake ya uhamiaji, hata kama ada yote imelipwa.

Kwa wengine, mahudhurio hugusa zaidi mfuko. Vyuo vingi humwondoa darasani asiyefika siku ya kwanza, nafasi yake akapewa mwingine. Anayetoweka katikati ya muhula bila kujiondoa rasmi huenda akaandikiwa F. Na kama alipokea msaada wa serikali kuu na kuacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya fedha hizo hurudishwa, naye anaweza kubaki na deni kwa chuo. Anayefanya kazi za zamu ya usiku, na ambaye hafungwi na masharti ya F-1, ni afadhali aanze na masomo mawili. Kalenda ya chuo huonyesha tarehe mbili tofauti, ya kuacha somo na kurudishiwa ada, na ya kuliacha kwa alama ya W, yaani kujiondoa rasmi. Ziandike zote mbili siku ile ile unayojiandikisha.