Bei za mazishi: usilinganishe jumla

Ukipewa bei mbili za kuchoma maiti, moja ikiwa karibu nusu ya nyingine, usianze kubishania jumla. Andika orodha yako, itume ileile kwa kila kampuni, na uombe bei ya kila kitu kwa maandishi: kuchukua mwili (hadi umbali gani, na usiku je?), mochwari kwa siku, jeneza, gari, vibali, ada ya tanuri, chombo cha majivu. Waambie watenganishe pesa yao na ile wanayowalipa wengine kwa niaba yako. Hapo utaona kama bei ya chini imeacha ada ya tanuri nje, jambo la kawaida kabisa.

Angalia zaidi siku za mochwari. Bei ikiwa na siku 3 nanyi mkasubiri ndugu kwa siku 7, zile 4 zitadaiwa juu yake. Marehemu akiwa na pesimeka (kifaa kinachowekwa mwilini kusaidia mapigo ya moyo), sema mapema: lazima itolewe kwanza, kwani betri yake inaweza kulipuka tanurini, na kazi hiyo huenda ikatozwa kando. Jeneza la mbao ghali nalo litaungua tu. Uliza kama wana la bei nafuu au la kukodi kwa ibada.

Mbinu hii hukwama mwili ukishachukuliwa, maana kuuhamisha ni gharama ya pili. Pia kuna wanaouza kifurushi kisichovunjwa, yaani jumla moja bila bei ya kila kitu. Hao waulize kisichokuwemo, waandike.