Kupanda Koitoboss ukitokea Kisumu

Sisi wa ziwani tunaishi mita 1,131 hivi juu ya bahari. Kilele cha Koitoboss, upande wa Kenya wa Mlima Elgon, ni mita 4,222. Mara ya kwanza nilitoka Kisumu alfajiri, jioni nikapiga hema juu kabisa ya msitu. Usiku kichwa kilinigonga kama kinapasuka, nikatapika, na kulipokucha nikateremka bila kukiona kilele. Kwa hiyo nakusihi: usiupande mlima huu kwa siku moja.

Panda matatu ya Kitale kupitia Kakamega na Webuye, ulale Kitale. Pale umeshafika mita 1,900, na mwili unazoea hewa nyembamba ya juu ukiwa umelala. Kesho yake pitia Endebess hadi Chorlim, lango la Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, ujisajili, na uombe askari wa KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) wa kukusindikiza, maana nyati wa msituni hawana hodi. Piga kambi huko chini, kisha mchana utembelee pango la Kitum. Ndovu huingia humo usiku, katika giza totoro, kuchimba chumvi kwa pembe zao. Ila usiende ndani wala kugusa kinyesi cha popo: mwaka 1980 na 1987 wageni wawili waliolitembelea waliugua Marburg, homa kali ya virusi inayotoka kwa popo, wakafariki. Mimi huishia mdomoni.

Siku ya tatu amka kukiwa bado giza. Gari hukufikisha mwisho wa barabara, karibu mita 3,500. Kutoka hapo ni miguu, mwendo wa kama saa tatu. Tembea mwendo unaokuruhusu kuongea na mwenzako. Ukihema hadi maneno yanakatika, punguza. Anza mapema kwa sababu adhuhuri mawingu hufunga na njia hupotea.

Viatu nilipata soko la Kibuye, Kisumu, mitumba, buti za kufika juu ya kifundo; nilizivaa wiki tatu mjini kabla ya safari. Beba sweta mbili, koti la mvua, kofia ya sufu, chapati, njugu na maji lita tatu. Usiku umande huganda juu ya hema. Desemba hadi Februari ndiyo miezi mikavu.

Kichwa kikiuma na tumbo likichafuka, teremka papo hapo, hata kama kilele unakiona. Ukifika salama, simama ukingoni uangalie kule bondeni ndani ya kreta (shimo kubwa la volkano), Mto Suam unakoanzia, na ng'ambo, Uganda, Wagagai ya mita 4,321. Kunywa chai yako ya themosi, kisha geuka kabla ya saa sita.