Kabla asasi yenu haijakata bima: mambo ya kuzingatia

Anzeni na jina. Hati ya bima ibebe jina lile lile lililo kwenye cheti cha usajili, herufi kwa herufi. Kama mmesajiliwa kwa Msajili wa NGOs chini ya sheria ya mwaka 2002, ni jina la kwenye cheti hicho. Kama mali mnazimiliki kupitia bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, mwenye mali kisheria ni wadhamini, na hao ndio waandikwe. Jina la kifupi mnaloweka kwenye fulana na mabango halitoshi.

Gari ambalo kadi yake ina jina la mwenyekiti si gari la asasi, hata kama lina nembo milango yote na mafuta mnaweka ninyi. Magari ya mradi yenye namba za DFP, yaani za miradi ya wafadhili, nayo yaangalieni: someni kwenye kadi mmiliki ni nani, kwa sababu huenda ninyi mmekabidhiwa tu kuyatumia. Hasara ikitokea, kampuni ya bima inataka kujua kwanza nani hasa ameipata, na asiyeweza kuonyesha kwa maandishi kwamba mali inamhusu hapati kitu. Mkataba wa makabidhiano utaje wazi nani anakata bima na nani atapokea fidia.

Nunueni kwa kampuni, dalali au wakala mwenye leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania. Pesa iingie kwenye akaunti au namba ya malipo ya kampuni, isipitie kwenye simu ya mtu. Bima haianzi mpaka ada imelipwa, hivyo ile ahadi ya "mfadhili ataleta wiki ijayo" inawaacha wazi wiki nzima. Bima ya gari ihakikini wenyewe kwenye mfumo wa TIRA kwa kuingiza namba ya usajili. Kwenye bajeti ya mradi wekeni na VAT inayoongezwa juu ya ada ya bima za mali na magari, maana wengi huisahau na pengo hilo huzibwa kwa kupunguza kinga.

Thamani ya mali andikeni ya kweli. Asasi hupenda kuishusha ili ada ipungue, halafu wanashangaa kwenye fidia. Hesabu yake ni hii: vifaa vya ofisi vina thamani ya shilingi milioni 80, ninyi mmevikatia bima ya milioni 40. Moto unaunguza vya milioni 20. Hamlipwi milioni 20, ingawa iko ndani ya ile 40. Mmekatia nusu ya thamani, basi mnalipwa nusu ya hasara, yaani milioni 10, na hapo bado haijatolewa sehemu ambayo mkataba unasema mtabeba wenyewe. Vitu vya msaada visivyo na risiti vinahitaji hati ya makabidhiano, namba ya utambulisho (serial number) ya kila kifaa na picha. Daftari la mali likae nakala nje ya ofisi, kwa sababu ofisi ikiungua na daftari linaungua. Bima ya moto isomeni kama inataja mafuriko. Mara nyingi hayo huongezwa kwa ombi na kwa ada yake. Na kama mmepanga, bima ya mwenye nyumba inalinda jengo lake, vitu vyenu havimo.

Bima ya wizi ina sharti linalowaliza wengi: lazima pawe na dalili za kuvunja. Mtu akiingia mchana kama mgeni akatoka na kompyuta mpakato kwenye begi, kufuli zote ziko sawa, hiyo bima hailipi. Kompyuta, kamera na projekta zinazozunguka vijijini zinahitaji bima ya vifaa vinavyohamishika, inayotaja kwamba vinalindwa nje ya ofisi pia. Hapo ulizeni: vikiachwa ndani ya gari usiku, je? Jibu la kawaida ni hapana.

Sasa watu. Hapa ndipo asasi nyingi zinapoumia, na ndipo panapostahili muda wenu mwingi.

Kwa watumishi wenye mkataba na mshahara sheria imeshaamua: mwajiri anajisajili WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na kuchangia asilimia 0.5 ya mishahara kila mwezi, kutoka mfukoni mwake bila kumkata mfanyakazi. Kutotengeneza faida hakuwaondoi kwenye wajibu huo. Lakini kazi kubwa ya asasi hufanywa na watu wasio kwenye orodha ya mishahara: wa kujitolea, wahudumu wa jamii wanaopewa posho ya nauli, wakufunzi wa siku mbili, dereva wa kuazima. Mchango wa WCF unakokotolewa kwenye mshahara, na posho ya nauli si mshahara.

Mambo huwa yanakwenda hivi. Binti wa kujitolea anapangiwa kaya kumi na tano za dodoso kijiji cha jirani. Anapewa elfu kumi ya bodaboda. Njiani pikipiki inateleza kwenye kokoto, mguu unavunjika juu kidogo ya kifundo. Kituo cha afya kinamwandikia rufaa hospitali ya mkoa, na huko wanasema apasuliwe awekewe chuma. Mratibu anafungua faili. WCF hayumo. Bima ya ajali ya kikundi ipo na ada ililipwa kwa wakati, ila kiambatisho kina majina tisa ya Januari na yeye alianza Mei. Bima ya bodaboda, ikitafutwa kwenye mfumo, iliisha miezi miwili nyuma. Kinachobaki ni mchango kwenye grupu la WhatsApp, na mama wa binti anayeuliza, kwa haki yake yote, ni nani aliyemtuma mwanangu. Hapo kampuni ya bima haijakwepa kitu. Ililinda watu tisa kama ilivyoombwa.

Kwa hiyo bima ya ajali ya kikundi iombeni kwa idadi na kazi: "watu wa kujitolea wasiozidi 30 kwa wakati mmoja". Kampuni ikishikilia majina, mtu mmoja ofisini apewe jukumu la kutuma orodha mpya kwa barua pepe kila mwezi, na jibu la kampuni lihifadhiwe, kwani orodha isiyojibiwa ni vigumu kuitetea. Kisha someni mafao yote manne: kifo, ulemavu wa kudumu, malipo ya kila wiki mtu akiwa hawezi kufanya kazi, na gharama za matibabu. Mkiomba mpunguziwe bei, angalieni kama kilichopunguzwa ni kiwango cha matibabu, wakati hicho ndicho mtakachokihitaji mara nyingi zaidi. Tafuteni neno "pikipiki" kwenye mambo yasiyolindwa. Mikataba mingi ya aina hii huitaja humo, na asasi inayotuma watu kwa bodaboda kila siku haina faida na mkataba huo mpaka sharti hilo liondolewe kwa maandishi. Tazameni pia ukomo wa umri, maana wazee wengi hujitolea.

Kila anayejitolea ajaze fomu ya ukurasa mmoja: jina, tarehe ya kuanza, eneo la kazi, ndugu wa karibu, sahihi. Pawe na daftari la safari linaloonyesha nani alitumwa wapi siku ipi. Bila hilo mtathibitishaje kwamba alikuwa kazini?

Magari kwa kifupi: bima ndogo inamlinda mtu mwingine, gari lenu hailigusi. Pikapu iliyokatiwa bima ya kubeba mizigo isipakie watu nyuma, hata siku ya msiba. Anayetumia gari lake binafsi kwa kazi ya asasi aijulishe kwanza kampuni yake ya bima.

Pesa taslimu za posho za washiriki zina bima yake, yenye kikomo kwa kila safari na masharti kuhusu sefu na funguo. Kulipa kwa simu kunapunguza hatari hiyo kuliko bima yoyote. Wizi wa ndani unahitaji bima ya uaminifu wa watumishi, nayo hutegemea mfanye kweli yale mliyojaza kwenye fomu: sahihi mbili kwenye hundi, ulinganisho wa vitabu na taarifa ya benki kila mwezi. Mkijaza "ndiyo" wakati mhasibu anafanya yote peke yake, madai yenu yamekufa kabla hayajazaliwa.

Mnaoendesha kambi za vipimo, michezo ya watoto au mikutano ya hadhara, ombeni bima ya dhima kwa umma. Turubai likimwangukia mtu, ninyi ndio mtakaodaiwa. Wenye wauguzi au washauri nasaha wanahitaji pia bima ya dhima ya kitaaluma, kwa sababu ile ya umma kwa kawaida haigusi kosa la matibabu. Wajumbe wa bodi waulize kama nao wamelindwa kwa maamuzi yao.

Jambo likitokea, toeni taarifa kwa kampuni siku hiyo hiyo kwa maandishi. Polisi mchukue RB (namba ya taarifa iliyoandikishwa) kwa wizi na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) kwa majeruhi, na msitengeneze gari kabla halijakaguliwa. Mkihama ofisi, mkianza mradi mpya au mkipokea jenereta ya msaada, semeni. Mradi ukiisha, angalieni bima ya vifaa vyake inaisha lini, maana vifaa hubaki na fedha ya mfadhili haibaki. Na mkiletewa hati ya kukubali malipo, msisaini kwa sababu tu mna njaa ya hela: sahihi hiyo hufunga madai. Kama kiasi hakiridhishi, kataeni kwa barua mkaeleze sababu, na wakishikilia msimamo, pelekeni shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, mkiwa na nakala ya kila kitu.