Kusoma jenomu ya H5N1: jinsi ya kutafuta dalili kwamba kirusi cha ndege kimeanza kumzoea binadamu

Kila mtu anapopatikana na mafua ya ndege, maabara huulizwa swali lile lile: je, kirusi chenyewe kimebadilika, au kimemwingia tu mtu aliyekikaribia mno? Kwa sehemu kubwa jibu limo katika jenomu, na mwongozo huu unawaelekeza mafundi wa maabara, madaktari wa mifugo na wanafunzi wa baiolojia namna ya kulitafuta. Mfano tutakaoutumia ni kirusi A/Texas/37/2024, kilichotolewa Machi 2024 kwa mfanyakazi wa shamba la ng'ombe wa maziwa huko Texas, Marekani, ambaye dalili yake ilikuwa wekundu wa macho.

Hatua ya 1: Pata mifuatano, kisha uchague cha kulinganisha

Jenomu ya mafua ya aina A ina vipande 8. Mifuatano yake, yaani herufi zake kwa mpangilio wake, hupatikana katika hifadhidata za mtandaoni: GenBank bila kujisajili, na GISAID kwa kujisajili. Pakua vipande vyote, lakini anza na protini tatu: hemaglutinini (HA), inayokishikiza kirusi kwenye seli; PB2, sehemu ya polimeresi, yaani kimeng'enya kinachonakili jenomu ya kirusi; na NP, inayoifunika jenomu hiyo. Wengi hulinganisha moja kwa moja na A/goose/Guangdong/1/1996, mzee wa ukoo wa H5N1 ya leo, kisha wanashtushwa na mabadiliko lukuki ambayo mengi ni alama za umri tu. Tafuta kwa BLAST, zana ya kutafuta mifuatano inayofanana, virusi vya ndege au vya ng'ombe vilivyo jirani zaidi na chako, uvipange pamoja kwa programu kama MAFFT, na uhesabu yale tu yanayokitofautisha chako na jirani zake.

Hatua ya 2: Angalia mahali HA inapokatwa, lakini usipaelewe vibaya

HA haifanyi kazi mpaka ikatwe vipande viwili na kimeng'enya cha mwenyeji, yaani kiumbe kilichoambukizwa. Katika kirusi chetu utaona herufi REKRRKR, kisha GLF; kila herufi ni asidi amino moja, kijenzi cha protini. Mkusanyiko huo wa R na K huiwezesha furini, kimeng'enya kinachopatikana karibu katika viungo vyote, kuikata HA, ndiyo maana kirusi huenea mwili mzima wa kuku na kumuua. Katika H5 isiyo kali kwa kuku, aghalabu utakuta RETR tu mbele ya GLF, nayo hukatwa na vimeng'enya vya njia ya hewa na utumbo. Ripoti nyingi hukosea hapa, kwa kuuchukua ukali kwa kuku kuwa ni dalili ya kumwelekea binadamu. H7N9, aina nyingine ya mafua ya ndege iliyozuka China mwaka 2013 haikuwa na mkusanyiko huo mwanzoni, na kuku hawakuugua, ilhali katika miaka iliyofuata watu zaidi ya 1,500 waliambukizwa. Andika ulichokiona, kisha endelea.

Hatua ya 3: Soma mfuko wa kipokezi

Kwa mfuko ulio kwenye HA, kirusi hujishika kwenye kipokezi chake, yaani asidi ya siali, sukari iliyo juu ya seli. Virusi vya ndege hupendelea ile iliyoungwa kwa kiungo cha alfa 2,3, na vya binadamu ile ya alfa 2,6. Pua na koo zetu zimejaa alfa 2,6. Alfa 2,3 ipo ndani kabisa ya mapafu na kwenye utando wa jicho. Kwa hiyo mkamuaji aliyerukiwa na maziwa usoni anaweza kuambukizwa jicho na kirusi ambacho bado ni cha ndege kitabia, na anayevuta chembe nyingi hadi chini ya mapafu anaweza kuugua vibaya bila kumwambukiza yeyote.

Fungua mfuatano wa HA na utafute herufi NGQRGR. Q hiyo ndiyo nafasi ya 226, na G inayofuata baada ya R ndiyo ya 228, kwa hesabu ya H3, aina nyingine ya HA ambayo namba zake hutumika kama kipimo. Ukihesabu kuanzia asidi amino ya kwanza kabisa ya H5, Q hiyo hiyo ni ya 238. Ukiondoa asidi amino 16 za mwanzo, ambazo hukatwa protini inapotengenezwa, ni ya 222. Nimeona mabishano marefu baina ya watu waliokuwa wakitazama herufi ile ile kwa namba tofauti, kwa hiyo taja daima hesabu unayoitumia.

Virusi vya janga la mafua la 1957 na la 1968 vilikuwa vimebadilisha nafasi hizo mbili kuwa L na S. Desemba 2024 watafiti wa taasisi ya Scripps, California, walionesha kwamba kwa HA ya Texas, Q kuwa L katika 226 pekee yatosha kuigeuza ipende kipokezi cha binadamu. Walijaribu protini, si kirusi kizima, lakini tangu hapo naitazama herufi hiyo kabla ya nyingine zote. Katika kirusi chetu bado ni Q. Tazama pia nafasi ya 190, iliyo katika mfuko huo huo.

Hatua ya 4: Soma PB2

Kuingia ndani ya seli si kuzaana humo. Polimeresi ya kirusi huhitaji msaada wa protini ya mwenyeji iitwayo ANP32A, na ile ya ndege wengi ina asidi amino 33 za ziada ambazo yetu haina. Kirusi hufidia upungufu huo kwa kubadilisha PB2, hasa E kuwa K katika nafasi ya 627, badiliko ambalo pia hukisaidia kuzaana kwenye nyuzi joto 33 za pua, tofauti na 40 hivi za mwili wa ndege. Njia nyingine ni D kuwa N katika 701, na M kuwa L katika 631, lililoenea katika virusi vya ng'ombe wa Marekani.

Kirusi cha Texas kina K katika 627: kimepiga hatua ya kuzaana ndani ya mamalia, na HA yake bado haijabadilika kipokezi.

Hatua ya 5: Rudi kwenye data ghafi

Mfuatano unaopakuliwa kwa kawaida huonesha herufi iliyo nyingi zaidi katika kila nafasi, na kinachoanza kubadilika huwa kidogo. Kijana aliyelazwa mahututi British Columbia, Kanada, Novemba 2024 alikuwa na mchanganyiko wa virusi: katika nafasi za 190 na 226 za HA, sehemu ya virusi ilishabadilika na sehemu ilikuwa ya asili. Omba faili ghafi, zenye kila usomaji wa mashine, na uhesabu asilimia ya kila herufi katika nafasi ulizokwisha kuziorodhesha.

Hatua ya 6: Vipande vilivyobaki

Katika NP tazama nafasi ya 313, inayohusika na kukwepa BTN3A3, protini ya ulinzi iliyomo katika njia zetu za hewa. Kisha pitisha kila kipande peke yake kwenye BLAST. Kipande kimoja kikielekea ukoo wa mafua ya binadamu au ya nguruwe, virusi viwili vimebadilishana vipande ndani ya seli moja. Kirusi cha 1957 kilichukua vipande vitatu kutoka kwa ndege, cha 1968 viwili.

Hatua ya 7: Andika ripoti

Usiandike "kirusi kimezoea binadamu" kwa sababu ya herufi moja. Majaribio ya fereti, wanyama wadogo wanaotumika kuchunguza mafua, yaliyochapishwa mwaka 2012 yalihitaji mabadiliko kadhaa kwa pamoja, katika HA na katika polimeresi, kabla H5N1 haijaenea kwa hewa baina ya wanyama hao. Kwa kila badiliko taja kipande, nafasi, mfumo wa hesabu, asilimia, na kama lipo pia kwa wanyama waliokuwa karibu na mgonjwa. Kipengele hicho cha mwisho ndicho huachwa mara nyingi, nacho ndicho kinachoonesha kama badiliko lilitokea ndani ya mtu au lilikuja naye kutoka zizini.