Somo: Kusaka hitilafu za proksi ARP kati ya subneti mbili

Ninaandika somo hili kwa sababu swali lilelile limenifikia mara nyingi mno, likibadilishwa maneno tu: "Kompyuta A haiipati kompyuta B, ilhali ruta inazipata zote mbili, na proksi ARP nimeshaiwasha." Kuanzia sasa atakayeuliza nitamwelekeza hapa, na ninaomba awe ametekeleza angalau hatua ya tatu kabla ya kuniandikia, kwa kuwa bila matokeo ya hatua hiyo mimi nami nitakuwa nabahatisha.

Kwa ufupi, ARP, iliyoelezwa katika RFC 826 ya mwaka 1982, ni swali linalotangazwa kwa vifaa vyote vya upande mmoja wa mtandao: mwenye anwani hii ya IP ni nani, na anwani yake ya MAC (ile ya kadi yake ya mtandao) ni ipi? Tangazo hilo halivuki ruta. Proksi ARP, iliyoelezwa katika RFC 1027 ya mwaka 1987, ni ruta kuitika kwa niaba ya kifaa kilicho upande wa pili na kutoa anwani yake yenyewe ya MAC, ili pakiti ziletwe kwake naye azipeleke zinakokwenda. Aliyeuliza hajui kwamba amejibiwa na mtu mwingine, na ugumu wote wa kusaka hitilafu hizi unaanzia hapo.

Mfano nitakaoutumia ni ruta ya Linux. Kiolesura (yaani mlango wa mtandao) eth0 kina 192.0.2.2/24, na lango kuu 192.0.2.1 liko upande huohuo. Kiolesura eth1 kina 192.0.2.65/27, na nyuma yake kuna vifaa vya 192.0.2.64/27 ambavyo vilihamishwa bila kubadilishiwa maski (ile /24 au /27 inayoonyesha ukubwa wa subneti), hivyo vingali vinaamini kuwa vimo katika /24. A ni 192.0.2.10 upande wa eth0. B ni 192.0.2.70 upande wa eth1.

1. Soma maski ya A na ya B kwa macho yako mwenyewe, usitegemee ulichoambiwa.

2. Kwenye A, tazama jedwali la ARP kwa `ip neigh`. Ukiona anwani nyingi za IP zikishiriki MAC moja, kuna kifaa kinachoitikia kwa niaba ya vingine. Ukiona FAILED mbele ya anwani ya B, hakuna aliyejibu.

3. Kwenye ruta, fungua madirisha mawili na usikilize pande zote mbili kwa wakati mmoja: `tcpdump -eni eth0 arp` na `tcpdump -eni eth1 arp`. Usiiache herufi `e`, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha anwani za MAC. Kisha tuma ping kutoka A. Ikiwa swali la A halionekani kwenye eth0, tatizo liko kwa A au kwenye swichi, na huna sababu ya kuigusa ruta. Ikiwa swali linaonekana lakini halijibiwi, endelea na hatua ya nne. Ikiwa linajibiwa na MAC usiyoitambua, kuna mjibuji wa pili, na huyo ndiye wa kutafutwa kwanza.

4. Hakikisha `net.ipv4.ip_forward`, yaani ruhusa ya ruta kupitisha pakiti za wengine, ni 1. Kerneli (kiini cha Linux) haimjibii mtu ambaye haiko tayari kumpelekea pakiti.

5. Kwenye ruta andika `ip route get 192.0.2.70`. Jibu lazima litaje eth1. Kerneli hujibu kwa uwakala pale tu ambapo njia ya kumfikia anayeulizwa inatokea kiolesura kingine, tofauti na kile kilichopokea swali. Ikiwa njia inaelekea eth0, ruta itanyamaza, na itakuwa na haki ya kunyamaza.

6. Washa proksi ARP kwenye kiolesura kinachopokea swali, kwa kukitaja jina: `sysctl -w net.ipv4.conf.eth0.proxy_arp=1`.

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipowahi kuharibu. Ruta yangu ilikuwa na kiolesura cha tatu, eth2, na kwa haraka niliandika `conf.all`, yaani violesura vyote, badala ya kutaja eth0. Kama hiyo haikutosha, nilikuwa nimezima `rp_filter` (ukaguzi wa kama chanzo cha pakiti kinafikika kupitia kiolesura ilikoingilia) kila mahali, nikidhani ninapunguza mambo ya kushuku. Nisichokijua ni kwamba kwenye waya wa eth2 kulikuwa pia na simu za mezani zenye subneti yao, ambayo ruta ile haikuwa na njia mahususi ya kuifikia. Kwa kuwa njia ya msingi ya ruta ilipitia eth0, kwa hesabu ya kerneli simu zile zote zilikuwa "upande mwingine", na kila simu ilipoulizia mwenzake, ruta iliitika: "Ni mimi." Simu halisi ilikuwa imekwisha kujibu, lakini jibu la ruta lilifuata muda mfupi baadaye, na vifaa vingi huandika jibu jipya juu ya la zamani. Pakiti zikaletwa kwenye ruta, zikatupwa kwenye njia ya msingi, zikapotea. Nilitumia siku mbili nikikagua swichi ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo zingatieni. Kwanza, `all` na kiolesura huunganishwa kwa "au": `all` ikiwa 1, kuzima eth2 peke yake hakusaidii kitu. Pili, `rp_filter` hutumia thamani iliyo kubwa kati ya `all` na ya kiolesura, na hukagua hata maswali ya ARP, hivyo usiizime bila kujua inakukinga na nini; iwapo inazuia swali halali, kwa kawaida ni kwa sababu ruta haina njia ya kumrudia muulizaji kupitia kiolesura alikoulizia, na dawa ni kuiongeza njia hiyo. Tatu, ikiwa unataka kuwakilisha anwani moja au mbili tu, usiwashe proksi ya jumla. Andika `ip neigh add proxy 192.0.2.70 dev eth0`, kisha ihakiki kwa `ip neigh show proxy`, kwa sababu `ip neigh` ya kawaida haionyeshi maingizo hayo.

7. Fikiria njia ya kurudi. B mwenye /24 naye atamuulizia A kwa ARP kwenye eth1, kwa hiyo ama uwashe proksi kwenye eth1 pia, ama, na hili ndilo bora, umpe B maski ya /27 na lango 192.0.2.65. Nusu ya walioniandikia walikwama hapa: tcpdump ya eth1 iliwaonyesha B akiuliza na kuuliza bila kujibiwa, nao walikuwa wanatazama eth0 peke yake.

8. Futa kumbukumbu za zamani. Ikiwa B alihamishwa hivi karibuni, A na lango kuu huenda bado wanaikumbuka MAC yake halisi. Kwenye Linux tumia `ip neigh flush dev eth0`. Kwenye ruta za Cisco ingizo la ARP hudumu saa 4 usipobadilisha mpangilio, hivyo tumia `clear ip arp 192.0.2.70`, la sivyo utarekebisha kila kitu kwa usahihi kisha utakibomoa ukidhani umekosea.

Ikiwa A sasa ana MAC ya ruta mbele ya anwani ya B, B naye ana MAC ya ruta mbele ya anwani ya A, na ping bado haipiti, basi hitilafu si ya ARP. Tazama faiwoli.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi Waya: Nimefuata hatua zote na haifanyi kazi. Naomba msaada.

Mwandishi: Matokeo ya hatua ya tatu yako wapi?

Fundi Waya: Sikuifanya hiyo, kwa sababu ruta yangu haina tcpdump.

Mwandishi: Basi hukufuata hatua zote. Kamata pakiti kwenye A na kwenye B, kisha urudi na ulichokiona.

Binti Kerneli: Ahsante kwa somo, Mwalimu. Nimeona kwamba ping ya kwanza kutoka A kwenda B huchelewa, wakati mwingine karibu sekunde nzima, kisha zinazofuata huenda haraka. Je, hii ni dalili ya hitilafu?

Mwandishi: Hapana, na umeangalia vizuri. Linux haijibu kwa uwakala papo hapo inapopokea swali lililotangazwa. Husubiri muda wa kubahatisha usiozidi `proxy_delay`, ambao kwa kawaida ni sekunde 0.8, ili mtandao usifurike majibu kwa mkupuo. Ndiyo maana katika kisa changu jibu la ruta lilikuja nyuma ya jibu la simu. Unaweza kuiweka 0 kwa `net.ipv4.neigh.eth0.proxy_delay` ikiwa una hakika kwamba hakuna mjibuji mwingine. Jambo la pili linaloendana na hilo ni `proxy_qlen`: maswali yanayosubiri hupangwa foleni ya 64, na yanayozidi hutupwa kimyakimya. Ukiwa na mamia ya vifaa vinavyoamka kwa pamoja, itazame hiyo kabla ya kulaumu kebo.

Mzee wa Swichi: Ndugu, kwani si rahisi zaidi kuvipa vifaa vyote maski ya /8 na kuiachia proksi ARP kazi yote? Sisi tunafanya hivyo na hatujawahi kupata shida.

Mwandishi: Sijasema kwamba haiwezekani. Nimeandika somo la kusaka hitilafu, na mpangilio wako ndio unaozizalisha: kila kifaa kitatangaza swali kwa kila anwani ya /8 kinayotaka kuifikia, na siku ruta itakapobadilishwa kwa nyingine isiyojibu kwa uwakala, vyote vitakatika kwa dakika moja na hakuna atakayekumbuka sababu.

Mzee wa Swichi: Nimekuelewa, ingawa kwetu inafanya kazi.

Nodi ya Pili: Swali langu linafanana na hilo. Ruta za Cisco huja na proksi ARP ikiwa imewashwa tayari. Nikiandika `no ip proxy-arp` leo, nitajuaje mapema nani atakatika?

Mwandishi: Swali zuri. Kabla ya kuzima, sikiliza kwenye subneti hiyo kwa siku kadhaa na utafute maswali ya ARP yanayoulizia anwani zilizo nje ya subneti yenyewe. Kifaa chenye maski na lango sahihi hakina sababu ya kuuliza hivyo, kwa hiyo kila muulizaji wa namna hiyo ana mpangilio mbovu, na MAC yake itakuonyesha ni nani. Kisha kagua ruta zako zenyewe: njia ya msingi iliyoandikwa kwa kutaja kiolesura cha Etherneti peke yake, bila anwani ya ruta inayofuata, huifanya ruta iulizie kwa ARP kila anwani ya dunia, na huishi kwa hisani ya proksi ARP ya jirani. Jedwali la ARP lenye maelfu ya anwani za mbali zilizo na MAC moja ndiyo alama yake. Rekebisha hizo kwanza.

Fundi Waya: Nimekamata. A anauliza, anajibiwa na MAC inayoanza na 00:00:5e:00:01. Hiyo si ya ruta yangu.

Mwandishi: Sasa tunaweza kuzungumza. Huo ni mwanzo wa MAC za VRRP (itifaki ya ruta kadhaa kushiriki anwani moja, moja ikiongoza), na tarakimu mbili zinazofuata ni namba ya kundi. Una jozi ya ruta nyingine kwenye waya huo inayomjibia B. Ingia kwenye ile iliyoshika nafasi ya kuongoza na uangalie kama proksi ARP imewashwa.

Mtu wa Sita: Kwa IPv6 tunafuata hatua hizihizi?

Mwandishi: Mantiki ni moja, lakini hakuna ARP, kuna ugunduzi wa majirani wa RFC 4861. Kwenye Linux washa `proxy_ndp`, kisha ongeza kila anwani kwa `ip -6 neigh add proxy`, kwani kuwasha peke yake hakuifanyi ruta ijibu. Na usikilize ICMPv6, maana kichujio cha `arp` hakitakuonyesha chochote.

Binti Kerneli: Nyongeza kwa wengine: kompyuta mpya kwetu zilikuwa zikikataa anwani zake na kudai kwamba tayari zinatumika. Ilibainika kuwa ruta moja ilikuwa ikijibu hata maswali ya majaribio yanayotumwa kwa chanzo 0.0.0.0.

Mwandishi: Linux huwa haiyajibu kwa uwakala maswali hayo, lakini kuna ruta zinazoyajibu. Ahsante, nitaliongeza kwenye hatua ya tatu.

Fundi Waya: Imekubali. Ilikuwa ruta ya akiba.