Kuunda modeli ya lango la maji na ziwa dogo, kwa mfano wa Bwawa la Nairobi

Kinachobadilishwa na lango la maji, yaani mlango wa kuzuia na kuachia maji, ni majira ya ziwa: maji yanapanda lini, yanashuka kwa kasi gani, yanakaa juu siku ngapi. Mimea ya ukingoni, mazalia ya samaki na mwani hufuata majira hayo, kwa hiyo wastani wa mwaka hautoshi.

Anza na kina. Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953 kwenye mto Motoine, na michoro ya zamani haifai tena kwa sababu tope, taka na gugu maji vimekula nafasi. Pima kwa kamba yenye alama na uzito bapa; uzito mwembamba huzama ndani ya tope na kukupa kina cha uongo. Toka ukingo hadi ukingo kwa mistari, kisha tengeneza jedwali la usawa wa maji, eneo la uso na ujazo.

Hesabu yenyewe inaingia kwenye lahajedwali: ujazo wa jana, ongeza mto na mvua iliyoangukia uso, toa uvukizi na maji yanayotoka. Kipimo cha uvukizi cha sufuria (beseni la wazi la kupimia uvukizi) kizidishe kwa 0.7, maana sufuria hupata joto haraka kuliko ziwa. Maji machafu ya mitaani yahesabiwe pia. Yanaingia hata kiangazi, na ukiyaacha modeli itakausha bwawa Februari.

Maji yanayomwagika juu ya ukingo mpana wa kumwagia (ukuta ambao maji ya ziada hupita juu yake) ni 1.7 × urefu wa ukingo × H × √H, ambapo H ni kimo cha maji juu ya ukingo kwa mita. Yanayopita chini ya lango, likiwa halijazamishwa upande wa chini, ni 0.6 × eneo la uwazi × √(19.62 × kina juu ya kitovu cha uwazi).

Hapa ndipo modeli nyingi huharibika. Chukulia ukingo wa kumwagia wa mita 10, H ya mita 0.6 na uso wa hekta 35. Yanatoka mita za ujazo 7.9 kwa sekunde, yaani ziwa linashuka kama sentimita 8 kwa saa. Ukipiga hesabu kwa siku nzima kwa mkupuo, litashuka karibu mita 2, chini kabisa ya ukingo, na kesho yake namba zitarukaruka. Tumia hatua ya saa moja au chini yake wakati wa masika na vuli.

Rekebisha modeli kwa msimu mmoja wa mvua hadi ilingane na usawa uliopimwa, ijaribu kwa msimu mwingine. Halafu iendeshe mara mbili kwa mvua ileile, lango likiwepo na lisipokuwepo, ulinganishe.

Kwa ufuko wenye mteremko wa 1 kwa 50, kushusha maji nusu mita huacha wazi mita 25 za ardhi. Mayai ya samaki yaliyokuwa hapo hukauka. Muda wa maji kukaa ni ujazo ukigawanywa kwa mtiririko: mita za ujazo 700,000 zikitoka 0.1 kwa sekunde hukaa siku 81, muda tele kwa mwani kushamiri. Maji yakikaa muda mrefu, fosforasi (kirutubisho cha mwani) nyingi zaidi hutuama chini, lakini tope likikosa oksijeni huirudisha majini. Kwa hiyo andika pia lango linatoa maji ya kina kipi: ya chini yakikosa oksijeni, viumbe wa mto Ngong, unaotoka bwawani, ndio watakaokufa kwanza.