Kubadilisha waya wa usukani wa kayaki

Usukani wa kayaki ya baharini huendeshwa kwa miguu. Kila pedali ina waya wake, unaopita ndani ya kijibomba cha plastiki mpaka tezi, yaani nyuma ya chombo. Ukikanyaga ya kulia, waya wa kulia huvuta na chombo huelekea kulia, nyaya hazipishani.

Waya ukikatika ukiwa majini, tuseme umetoka ghuba ya Mikindani na kusi linavuma, inua usukani kwa kamba yake na upige kafi bila usukani. Usijaribu kuendelea na pedali iliyobaki: itauvuta usukani upande mmoja na hakuna cha kuurudisha.

Nyaya nyingi hukatikia tezi, pale zinapotoka kwenye kijibomba au kwenye kitanzi kinachoshika usukani, kwa sababu hapo hukunjwa na kukunjuliwa kila unapokanyaga. Pitisha kitambaa cha pamba taratibu juu ya waya. Uzi uliokatika utakinasa. Kidole kiache, nyuzi hizo huchoma kama sindano. Ukiona hata uzi mmoja umekatika, badilisha nyaya zote mbili. Zimekula chumvi pamoja.

Tafuta waya wa stenlesi wa daraja la 316, unene milimita 1.6, uliosokotwa kwa nyuzi 49. Ule wa nyuzi 19 nene ni wa kushikilia mlingoti. Ni mkakamavu, hauvumilii kukunjwa. Kwa kayaki ya mita 5, kila upande huchukua mita 3 hadi 3.5, kwa hiyo mita 8 zinatosha. Tafuta pia vibano vinne vya shaba vya kipimo hichohicho, yaani vipete vinavyofinywa ili kufunga kitanzi cha waya, na viwili vya akiba. Vya alumini usivitumie hata ukipewa bure: alumini ikigusana na stenlesi kwenye maji ya chumvi huliwa ikawa unga mweupe, na kibano huachia. Waya wa breki ya baiskeli nao hushawishi kwa bei, lakini mwingi ni chuma kilichopakwa zinki, kutu haichelewi, na mara nyingi haufiki hata mita 2.

Kabla ya kung'oa chochote, nyoosha usukani ulingane na mkuku, yaani mstari wa katikati chini ya chombo, uukaze kwa kamba usicheze. Kata kitanzi cha zamani upande wa tezi, unga mshipi wa kuvulia kwenye ncha ya waya kwa tepu ya umeme, ncha kwa ncha ili kiungo kiwe chembamba, kisha vuta waya ukiwa upande wa pedali. Mshipi sasa umebaki ndani. Mimina maji baridi, yasiyo ya chumvi, kwenye kijibomba mpaka yatoke bila mchanga.

Unapokata waya mpya, zungushia tepu kwanza na ukate katikati ya tepu; bila hivyo ncha hufumuka na haitaingia popote. Tone la supaglu husaidia. Uvute kwa mshipi, kisha funga kitanzi cha tezi kwanza. Bana kibano sehemu mbili kwa koleo la kubania, ukiacha milimita 3 za ncha zitokeze ili uone kama waya unateleza. Nyundo huwa inakata nyuzi za ndani, ukaja kulaumu waya. Vuta kitanzi kwa uzito wako wote. Kama kitaachia, afadhali kiachie nchi kavu.

Upande wa pedali huja mwisho kwa kuwa ndipo panaporekebishwa. Kaa ndani, miguu ikunjike kidogo, pedali zote mbili zilingane. Waya usilegee, lakini pia usikaze kama uzi wa zeze: ukikaza mno pedali huwa nzito na waya hujisaga kwenye kijibomba. Bana kidogo, jaribu kushoto na kulia, ndipo ubane moja kwa moja.

Badala ya waya, wengine hupendelea kamba ya Dyneema, yaani ya nyuzi imara za plastiki, ya milimita 2.5 hadi 3. Haishiki kutu na hufungwa kwa mkono, ila huteleza, hivyo fundo lenye umbo la tarakimu 8 liachiwe mkia mrefu. Sugua kwa msasa kila ukingo mkali inapopita, na uikaze upya baada ya safari ya kwanza, maana mafundo yatakuwa yamejivuta.

Ukirudi pwani, suuza vijibomba kwa maji baridi. Grisi usitie kabisa: mchanga wa Msimbati ukinasa humo, grisi inageuka msasa.